Mgeni na Lugha ya Wenyeji

Mtu anapoanza kujifunza lugha ya watu wengine huwa na haja yake mkononi. Mmoja anataka kuuza, mwingine kutawala, mwingine kuhubiri, na wengine wanataka cheti tu. Lakini aghalabu faida kubwa ya lugha haimo katika haja hiyo. Hupita mlango wa uani, ikamkuta mtu amekwisha sahau alichokuja kutafuta. Naandika haya nikiwa Kifungilo, si mbali na mji wa Lushoto, na historia ya milima hii ya Usambara ina mifano mizuri ya jambo hilo.

Tumtazame kwanza Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mnamo Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Wengi wangepanda jahazi na kurudi kwao. Yeye alibaki na Kiswahili. Akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu, akakusanya maneno, na mwaka 1850 sarufi yake ikapigwa chapa Ujerumani. Mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alipanda hadi Vuga kuonana na Mfalme Kimweri ya Nyumbai.

Kwa hesabu ya waumini, Krapf alivuna kidogo mno. Lakini mtu huyu aliyekuja kuleta kitabu aliondoka na vitabu. Mwaka 1854 maktaba ya wataalamu wa lugha za Mashariki huko Halle, Ujerumani, ilipokea kutoka kwake miswada ya tenzi za Kiswahili, miongoni mwake Utenzi wa Herekali. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake, na hadi leo watafiti huifungua kutafuta maneno ambayo pwani yenyewe imeyasahau.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1960 alikuja huku Mmarekani, Steven Feierman, kuchunguza historia ya utawala wa Wakilindi. Akajifunza Kishambaa. Matunda yake ni vitabu viwili, kimoja cha mwaka 1974 na kingine cha mwaka 1990. Katika kitabu cha pili anaeleza kuwa Washambaa walipojadili utawala, walijadili mvua na njaa, kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu huiponya nchi, mvua ikanyesha kwa wakati wake. Wakuu wakishindana, nguvu kwa nguvu, nchi huharibika. Ndivyo wazee walivyoikumbuka miaka ya vita iliyofuata kifo cha Kimweri mwaka 1862.

Hili si jambo la wasomi peke yao. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na ile ya 1950, serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta kwenye miteremko. Mabwana shamba walizungumza habari ya mmomonyoko wa udongo. Wakulima walizungumza habari ya nchi kuharibiwa. Pande zote mbili ziliuhofia udongo uleule, lakini asiyejua lugha alisikia ukaidi mtupu. Amri zikaleta chuki, na mpango wenyewe ukaanguka kabla ya Uhuru. Sisemi kuwa Kishambaa peke yake kingeuokoa. Nasema kwamba mtu hawezi kujibu hoja ambayo hajaisikia.

Nami ni mtu wa pwani, niliyejifunza Kishambaa ukubwani. Haja yangu ilikuwa ndogo: kununua viazi sokoni kwa bei ya wenyeji. Bei ilishuka kidogo tu. Nilichopata zaidi ni Kiswahili changu mwenyewe. Kwetu kubana ni kubinya au kusonga. Huku nikakuta ni kuharibu, na tangu hapo silichukui neno lolote kwa wepesi nikidhani nalijua. Nikakuta tena kwamba shi na nchi ni ndugu. Sisi siku hizi tukisema nchi tunafikiria bendera, mipaka na wizara. Shi imebaki na harufu ya udongo na mvua. Ndipo nilipotambua kuwa hata katika neno letu chini imo nchi, ile tunayoikanyaga. Nimelitumia neno hilo tangu utoto, na aliyenifungulia ni mama muuza viazi.

Washambaa husimulia kwamba Mbegha, aliyeanzisha ufalme wa Wakilindi, alikuwa mwindaji mgeni kutoka Unguu. Aliwapa wenyeji nyama, akaua simba, nao wakampa nchi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa lugha mambo hugeuka: mgeni huja na haja yake, mwenyeji akampa maneno, na anayepona ni mgeni.