Mnyauko Hauna Mtendaji: Hoja ya Kutetea "Kinyaushi"

Kila kipeperushi cha kilimo kinachopita mikononi mwangu siku hizi kimejaa neno "mnyauko". Mnyauko fuzari, mnyauko bakteria, mnyauko wa migomba, na karibuni nimekutana na "mnyauko wa kawaida", ambao hata aliyeuandika sidhani kama angeweza kuufafanua. Wanaolitetea neno hili husema limekwishazoeleka, na mazoea hayo ndiyo hoja yao yote. Mimi silikubali, kwa sababu za kisarufi kwanza, kisha za bustanini.

Tuanze na kitenzi. Kunyauka ni jani kuishiwa maji hata likakosa nguvu ya kusimama. Lugha yetu haina uhaba wa vitenzi vya jamii hii: jani hufifia likipoteza rangi, husinyaa likijikunja, na mgomba mzima huvia ukikataa kukua. Mkulima wa Dole au Kizimbani, hapa Unguja, havichanganyi vitenzi hivyo. Sasa chukua nyauka, tia m- mbele na -o nyuma, unapata jina la tukio. Ndivyo tulivyopata mpasuko, mlipuko, mporomoko na mfumuko. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaja mtendaji. Mnyauko nao ni tukio linaloonekana kwa macho, na laweza kuletwa na jua la kaskazi, maji ya kisima yenye chumvi, fukusi aliyetoboa tunguu la mgomba, njaa ya udongo, au kuvu. Kuufanya uwe jina la ugonjwa ni kuyatia hayo yote katika kapu moja.

Mtendaji hupatikana kwa kitenzi cha kusababisha: nyauka, nyausha. Kuanzia hapo njia imekwishafyekwa zamani. Rutubisha ilitupa kirutubishi, sababisha ikatupa kisababishi, ambukiza ikatupa kiambukizi. Kwa kanuni ile ile, bila ya kuazima na bila ya kulazimisha, nyausha inatupa kinyaushi, wingi vinyaushi: kiumbe kinachoingia katika mishipa ya mmea na kuunyausha. Kuvu ikiwa ndiyo inayotenda, tutasema kinyaushi kuvu. Wakiwa ni bakteria, kama wale waliogunduliwa katika migomba ya Uganda mwaka 2001 na baadaye wakaingia Kagera, tutasema kinyaushi bakteria. Na neno hili linasimama uso kwa uso na kirutubishi. Mgomba dhaifu usio na wadudu unataka uulizwe swali moja: umekosa kirutubishi, au umeingiliwa na kinyaushi?

Niliwahi kuliwasilisha neno hili mbele ya kamati moja, kwa maandishi na kwa mifano. Nikajibiwa kwamba wakulima hawatalielewa. Aliyenijibu hakuwa amemuuliza mkulima hata mmoja. Kisha kamati hiyo hiyo ikaridhia "mnyauko fuzari", kana kwamba fuzari ni neno analolijua mtu wa Fuoni tangu utotoni. Fuzari imetokana na Kilatini, fusus, kijiti cha kusokotea uzi, kwa kuwa viiniuzazi vya kuvu hii chini ya hadubini vimechongoka pande mbili. Mwenye faida na maarifa hayo ni yule aliye na hadubini.

Wapo wanaopendelea kuuita mnyauko fuzari wa migomba "ugonjwa wa Panama", nao hawana afadhali. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza na Joseph Bancroft mwaka 1876, karibu na Brisbane, Australia. Panama ilibandikwa baadaye, pale mashamba makubwa ya ndizi za kusafirishwa yalipoteketea huko. Kuba nayo ikaingizwa katika jina la kisayansi, cubense. Ugonjwa mmoja umepewa nchi mbili, na hakuna kati ya majina hayo linalotuambia unafanya nini. Na lugha yenyewe ilitoka kwetu: mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Inaniuma kuona watu wa Unguja wanaletewa maneno ya bustani zao na watu ambao hawajapata kushika jembe wala kusoma unyambulishaji.

Madhara ya neno mnyauko nimeyaona kwa macho. Jirani yangu wa Kiembe Samaki alinijia na kipeperushi mkononi.

"Shikamoo, Maalim. Wameniambia mgomba wangu wa kisukari una mnyauko, niung'oe niuchome."

"Marahaba, mwanangu. Umeukata ukatazama ndani?"

Hakuwa ameukata. Tukaenda uani. Majani ya chini yalikuwa ya manjano ya kuelekea chungwa, kuanzia nchani na kwenye kingo, yamejikunja kwa ndani. Nikakata kikonyo cha jani kuukuu, kisha kipande cha shina karibu na ardhi. Ndani mlikuwa mweupe, maji yanachuruzika, hata uzi mmoja wa kahawia haumo. Ingekuwa kuvu, mishipa ingekuwa na mistari ya kahawia au ya wekundu uliokoza. Ule ulikuwa mgomba wenye njaa ya potasiamu, uliopandwa kwenye mchanga mtupu, na kipeperushi kilikuwa kimekwishauhukumu kufa kwa sababu ya neno lisilotofautisha.

Tiba naitaja kwa ufupi. Mgomba wenye njaa upewe samadi, majivu ya makumbi ya nazi, matandazo, na machipukizi yapunguzwe. Wenye kinyaushi kuvu hauna dawa: ung'olewe, jembe lisafishwe, machipukizi yake asipewe mtu, na mahali hapo pasipandwe tena kisukari wala pukusa, maana kuvu hii hukaa udongoni kwa miongo mingi.

Na kuna haraka. Aina kali zaidi ya kuvu hii, inayoua hata migomba ya kundi la Cavendish, iligunduliwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, kisha Mayotte mwaka 2019. Zote mbili zinapakana na bahari hii yetu, na chipukizi lenye udongo husafiri vizuri ndani ya chombo. Nawaomba wanaoandika mabango na vipeperushi waandike kinyaushi, na waeleze pale pale jinsi ya kukata na kutazama. Nawe msomaji, kabla ya kuung'oa mgomba wako, chukua kisu kwanza. Na chipukizi la ng'ambo usilipokee, hata akikuletea ndugu yako.