Uandamani wa Maneno

Uandamani (kwa Kiingereza "collocation") ni mazoea ya maneno fulani kutumika pamoja, mazoea yasiyoelezeka kwa kanuni za sarufi wala kwa maana ya neno moja moja. Kiingereza husema "heavy rain", si "big rain". Hutenga "make a mistake" na "do homework", ilhali Kiswahili hutosheka na kufanya kosa na kufanya kazi ya nyumbani. Katika Kiswahili mafua humshika mtu. Katika Kiingereza mtu ndiye huyashika: "catch a cold". Harold Palmer aliwatolea walimu wa Kiingereza ripoti juu ya jambo hili mjini Tokyo mwaka 1933. Mwaka 1951 J. R. Firth wa Chuo Kikuu cha London alilifanya istilahi ya isimu, akidai kwamba sehemu ya maana ya "night" ni kule kutumika kwake na "dark".

Si kila istilahi ya Kiswahili inayoitendea haki dhana hii. Wanaopendekeza "mpangilio wa maneno" wanakosea kabisa. Hujitetea kwa asili ya Kilatini ya "collocation": "con", pamoja; "locare", kuweka, kutokana na "locus", mahali. Asili hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi lolote. Katika "heavy rain", "the rain was heavy" na "it rained heavily" mpangilio umebadilika mara mbili, na maneno hayajaachana. "Nahau" nayo haifai. Kupiga moyo konde hakuna konde lolote linalorushwa, ila "heavy rain" ni mvua ile ile inayolowesha. "Uambatano" ungefaa, lakini sarufi imekwisha kuuchukua kwa sentensi ambatano.

Linabaki neno lililo bora kuliko yote. Kuandama ni kufuata, kama mwezi unavyoandama. Kiambishi cha kutendana huzaa kuandamana, yaani kwenda pamoja bila mmoja kuwa mtumwa wa mwingine. Na kutoka hapo hupatikana uandamani, kama ushindani unavyotoka katika kushindana. Wapinzani wanaweza kudai kwamba neno hili linanuka mabango na virungu vya polisi. Hoja hiyo ni dhaifu mno. Ushindani na mashindano yanaishi pamoja bila kumchanganya yeyote. Uandamani na maandamano yataishi vivyo hivyo. Tena Kiswahili chenyewe kinaujua uandamani tangu zamani: totoro haina makazi ila kwenye giza, na pee haiendi popote pasipo weupe.

Katika matumizi, maneno yanayokwenda pamoja huitwa maneno andamani, nayo kamusi ya "collocations" ya Oxford ya mwaka 2002 ni kamusi ya uandamani. Katika daftari la mwanafunzi wa Kiingereza, "rain" huandikwa pamoja na "heavy", na "mistake" pamoja na "make".