Rejista mbili za Uvira: namna ya kutengeneza tablo ya namba yenye kumusaidia mukubwa wa kazi

Hapa Uvira kulikuwa rejista mbili, kila moja katika buro yake. Ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha maji cha REGIDESO: kila siku waliandika ni meta kyubiki ngapi za maji zimesukumwa kuelekea mjini. Ya pili ilikuwa kwenye kituo cha kutunza wagonjwa wa kipindupindu: kila siku waliandika wagonjwa wangapi wameingia.

Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine waliziweka rejista hizo mbili pamoja, siku kwa siku, kuanzia 2009 mpaka 2014. Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la PLoS Medicine. Baada ya siku moja ambayo maji hayakutoka kabisa kwenye robine, wagonjwa walioingia kituoni ndani ya siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, kulinganisha na siku ambazo maji yalitosha. Na kati ya wagonjwa wote wa miaka ile, asilimia 23,2 walihesabiwa kuwa waliugua juu ya siku ambazo maji yalikuwa kidogo au hayakuwepo. Ni zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano.

Kila mama wa Mulongwe au Kalundu aliyebeba bidoni mpaka ziwani siku robine zimekauka atakuambia alijua hivyo zamani. Sawa. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwa na namba mbele ya mukubwa anayeamua kama mazutu inunuliwe leo ao kesho ni kitu kingine. Hapo ndipo inaingia habari yetu: ile karatasi ao ekra ya namba ambayo wakubwa wa kampuni wanaita kwa Kifaransa tablo de bor. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema dashibodi. Jina limetoka kwenye gari: mbele ya dereva kuna mshale wa mazutu, mshale wa joto, mshale wa mbio. Mainjinia wa Ufaransa waliipeleka viwandani miongo mingi iliyopita, na mwaka 1992 Wamarekani wawili, Robert Kaplan na David Norton, waliandika kwamba mukubwa asiyeangalia isipokuwa makuta anaendesha akiwa na mshale mmoja tu.

Siku hizi karibu kila shirika, kila koperative na kila kampuni ya boti yenye kompyuta iko na tablo yake. Nyingi hazimsaidii mtu. Tumeona moja yenye rangi saba na viduara kumi na mbili, imetumwa kwa WhatsApp, na bosi aliyeipokea alijibu kwa kidole gumba tu. Hakuna alichoamua.

Swali la kwanza la mwenye kutengeneza tablo si «tuna namba gani?» Ni hili: mukubwa huyu anaamua nini kila wiki, na namba gani ingemfanya abadilishe uamuzi? Kama namba ikipanda ao ikishuka hakuna atakachofanya tofauti, itoke kwenye ukurasa. Iende kwenye raporo ya mwisho wa mwaka.

Rejista za Uvira zinatufundisha jambo la pili, nalo kwetu ndilo kubwa. Kiwanda kinaweza kuhesabu maji yaliyotoka na kufurahi. Lakini maji yaliyotoka ni kazi iliyofanyika. Mgonjwa aliyeingia hospitali ni kile kilichompata mtu. Tablo nzuri inaweka vyote viwili kando kando. Mukubwa wa boti haangalii safari ngapi zimefanyika tu, anaangalia pia safari ngapi zilichelewa na mizigo mingapi ilifika imelowa. Na kwa kuwa matokeo hayaji siku ile ile, tablo ionyeshe siku nyingi kwa pamoja. Kwa kipindupindu dirisha lilikuwa siku 12. Ukiangalia namba za leo peke yake, utaona maji yamerudi na kuhesabu mambo yameisha, kumbe wagonjwa bado wanakuja.

Jambo la tatu ni wastani, na hapa wakubwa wengi wanadanganyika. Tuchukue mfano wa kuhesabu tu. Mwezi wa kwanza, kiwanda kinatoa meta kyubiki 4 000 kila siku kwa siku 26, halafu siku 4 hakitoi kitu. Jumla 104 000. Gawanya kwa siku 30, wastani ni karibu 3 467. Mwezi wa pili kinatoa 3 467 kila siku bila kukosa. Kwenye raporo ya mwezi, miezi hii ni mapacha. Kwa mkaaji wa mtaani si mapacha hata kidogo, maana siku zile 4 kavu ndizo zilizompeleka mtoni na ziwani. Kwa hiyo kando ya wastani, tablo iandike: siku ngapi hakukuwa kitu. Ni namba ndogo, inasomeka haraka, na ndiyo inayouma.

Sifuri na nafasi tupu nazo zisichanganywe. Kama intaneti ilikatika na Baraka hawakutuma hesabu, usiandike 0. Andika «haijafika». Bosi akiona 0 atamfokea mtu bure. Akiona «haijafika» atapiga simu.

Na jina la namba lieleze kweli kile kilichohesabiwa. Katika kituo cha Uvira, wagonjwa waliopokelewa kati ya 2016 na 2020 walipopimwa kwa kipimo cha haraka, chini ya nusu ndio walioonekana kuwa na kipindupindu. Wengine walikuwa na kuhara kwa namna nyingine. Hiyo haifuti rejista, ila inataka uandike «wanaoshukiwa», si «wenye kipindupindu». Vivyo hivyo, mchuuzi asiandike «mauzo» kama nusu ni mikopo ambayo bado haijalipwa.

Kwa wafanyabiashara wa hapa kwetu kuna mitego ya mahali. Mpakani Kavimvira franka ya Kongo, dola na franka ya Burundi zinaingia mfuko mmoja. Tuseme mwezi uliopita uliuza kwa franka milioni 10, dola moja ikiwa 2 500: ni dola 4 000. Mwezi huu umeuza kwa milioni 10,4, dola ikiwa 2 800: ni dola 3 714. Mshale wa franka unapanda, biashara inashuka. Bei ya dola ya siku ile iwe juu ya ukurasa, kila mara.

Kwa wauza ndagala, kuna mwezi wa mbinguni. Wavuvi wanavua kwa taa, na usiku wa mbalamwezi kali samaki hawafuati taa, kwa hiyo wengi wanapumzika. Ukilinganisha wiki hii na wiki iliyopita utamlaumu msimamizi juu ya mwezi mpevu. Linganisha wiki ya giza na wiki ya giza. Tena mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaane. Miezi kama hiyo iwekewe alama kwenye tablo, isije ikaonekana kama kampuni imeanguka. Na maji ya ziwa yenyewe: 2024 yalipanda mpaka yakaingia nyumba na njia za Kalundu na Kavimvira. Mwenye depo kando ya ziwa angepaswa kuwa na kipimo hicho kwenye ukurasa wake, hata kama si namba ya biashara.

Upande wa sura hatutasema mengi. Ukurasa mmoja, namba tano ao sita, tarehe ya hesabu juu, jina la aliyejaza chini. Nyekundu na kijani havisaidii karatasi ikipita kwenye fotokopi isiyo na rangi. Andika neno «hatari» pembeni. Jaribu kuisoma kwenye telefone ndogo, juani, bila miwani. Bosi wengi wanaisoma hivyo.

Kila namba iwe pia na mstari wa mpaka, uliokubaliwa kabla shida haijakuja, pamoja na jina la mwenye kusimama ukivukwa. Mazutu ikibaki ya siku tatu, nani ananunua, na kwa makuta gani? Jibu hilo liandikwe kando ya namba yenyewe, si kwenye kichwa cha mtu aliyekwenda safari Bukavu.