Jinsi Zisizo Dume Wala Jike: Historia ya Uzazi wa Kuvu

Katika karne ya 19 wataalamu wa mimea walikuwa na hadubini nzuri, lakini ukungu wa mkate uliwashinda. Mara nyingine ulitoa spora nene nyeusi, zao la nyuzi mbili kuungana. Mara nyingine ulikaa majuma bila kutoa hata moja. Wengi walidhani sababu ni chakula, joto au unyevu.

Mwaka 1904 Albert Francis Blakeslee wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alilimaliza shauri hilo. Aliotesha ukungu kutokana na spora moja moja, kisha akaiweka miwili miwili katika chombo kimoja. Baadhi ilikutana bila tukio lolote. Mingine, pale nyuzi zilipogusana, ulitokea mstari mweusi wa spora katikati ya chombo. Kwa macho, pande zote mbili zilifanana. Hapakuwa na wa kuitwa dume wala jike. Blakeslee akazipa alama za kujumlisha na kutoa, akaishia hapo. Busara yake ni hiyo: hakuilazimisha kuvu ifuate mfano wa wanyama.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaisha, Mathilde Bensaude nchini Ufaransa na Hans Kniep nchini Ujerumani waliukuta utaratibu wa wenza katika uyoga pia. Kniep alionyesha kwamba uyoga mdogo wa magogo, Schizophyllum commune, huongozwa na sehemu mbili za urithi, na wenza sharti watofautiane katika zote mbili. Baadaye John Raper na wenzake walikadiria kwamba uyoga huo una jinsi zaidi ya 20,000. Faida yake ni kubwa: karibu kila mgeni anafaa, ilhali ndugu wa mzazi mmoja hukataana mara tatu katika kila nne.

Zamu ya hamira ilifika mwaka 1943, Carl na Gertrude Lindegren walipotambua jinsi zake mbili, a na alfa. Lakini baadhi ya hamira hubadili jinsi: seli ikishachipua mtoto, yenyewe huweza kugeuka. Mwaka 1977 James Hicks, Jeffrey Strathern na Ira Herskowitz walitoa maelezo. Kromosomu ya tatu hubeba nakala mbili za akiba zilizonyamazishwa, moja ya kila jinsi, na kati yake ipo nafasi moja inayofanya kazi. Nafasi hiyo hukatwa, kisha nakala ya jinsi nyingine ikaandikwa humo, kama kaseti inayobadilishwa redioni. Jeni hizo ziliposomwa, wazo likathibitika: tofauti yote ya a na alfa imo katika herufi za DNA zisizofika 1,000.

Alama za Blakeslee zilisubiri zaidi ya karne. Mwaka 2008 jeni za kujumlisha na kutoa zilipatikana katika Phycomyces, ndugu wa ukungu wa mkate. Protini za jeni hizo ni za ukoo mmoja na ile ya jeni SRY, inayoanzisha jinsi ya kiume kwa binadamu.

Mwaka uliofuata, kuvu zilizodhaniwa hazina wenza kabisa zilifichuliwa. Aspergillus fumigatus, adui wa mapafu ya wagonjwa dhaifu, iliwekwa jinsi zote mbili pamoja gizani, katika vyombo vilivyozibwa, kwa nyuzijoto 30. Baada ya miezi 6 ilizaa. Mwaka huohuo wa 2009 Aspergillus flavus, inayotia sumukuvu katika mahindi na karanga, ilionekana ikizaliana vivyo hivyo.

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Leo aina za A. flavus zisizotoa sumu humwagwa mashambani, Kenya na Tanzania, ili ziwahi nafasi ya zile zenye sumu. Kwa kuwa jinsi mbili huweza kukutana na kuchanganya urithi, jinsi ya kila aina inayomwagwa ipimwe na itangazwe kabla mkulima hajafungua mfuko.