Kuunga Jino na Mfupa: Kutoka Pua ya Arfaja hadi Skrubu ya Titaniamu

Swali limekuja baada ya darsa hapa Kayanga, na muulizaji hakuwa mtu wa mzaha. Ameng'olewa magego mawili, daktari amemweleza kuwa yapo meno ya kupandikizwa ndani ya mfupa wa taya, naye anataka kujua kama ni halali na kama josho lake litasihi. Kumjibu "inajuzu" na kuishia hapo ni kumpunja, kwani jambo hili lina historia ndefu, na hukumu yake imo humo humo.

Asili yake ni Hadithi ya Arfaja bin As'ad (r.a.). Alipoteza pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya, akajitengenezea pua ya fedha. Ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamuamuru atumie ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na Tirmidhi akaipa daraja ya hasan. Tazama vizuri, ndugu msomaji: dhahabu ni haramu kwa wanaume, na hapa imeruhusiwa si kwa thamani yake bali kwa tabia yake inapokaa na nyama ya mwili.

Juu ya tabia hiyo ndipo mafakihi walipohitilafiana. Imam Abu Hanifa alikubali pua ya dhahabu kwa kuwa fedha haikufaa, lakini jino linalotikisika akataka lifungwe kwa fedha, maana dharura huondoka kwa kilicho chini. Mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan hakuona ubaya wa dhahabu kwenye meno pia, na Mashafii nao wameruhusu pua, jino na ncha ya kidole. Ukilichunguza, khilafu hii ya Mahanafi inasimama juu ya swali la tabibu: je, fedha hudumu mdomoni? Jibu alilitoa Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake at-Tasrif. Alifunga meno kwa waya wa dhahabu akisema fedha hugeuka rangi na kuharibika baada ya siku chache. Tena akataja kurudisha jino lililong'oka, au kuchonga badala yake kutoka mfupa wa ng'ombe.

Hata hivyo, jino la Zahrawi lilifungwa tu kwa majirani zake; halikushikana na mfupa. Kushikana kulisubiri madini mengine. Karagwe ina sifa ya uhunzi tangu kabla ya wafanyabiashara wa Kiislamu kuweka kituo chao Kafuro katika karne ya 19, na kila mhunzi alijua kuwa chuma huliwa na kutu. Majimaji ya mwili yana chumvi, na chuma kikiwekwa humo hakikawii kuharibika.

Mwaka 1952, mjini Lund, Sweden, tabibu Per-Ingvar Brånemark aliweka kijidude cha titaniamu kwenye mguu wa sungura ili atazame damu inavyopita mfupani. Alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika. Hakuwa akitafuta dawa ya meno kabisa! Mwaka 1965, mjini Göteborg, akampandikizia taya mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alikaa na vipandikizi hivyo hadi kufa kwake mwaka 2006.

Siri ni kwamba titaniamu ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba mno wa oksidi, nao huzuia kutu, kwa hiyo chembe za mfupa hukua hadi kuigusa. Kazi ya wahandisi ikawa kuusaidia mfupa. Kipandikizi wakakitia hesi kama skrubu, ili kishike tangu siku ya kwanza na kugawa uzito wa kutafuna. Vya mwanzo vilikuwa laini. Tangu miaka ya 1990 vingi hupigwa mchanga na kuoshwa kwa asidi hadi uso ukwaruze kwa kiasi cha maikromita moja au mbili, maana mfupa hushika mapema zaidi penye ukwaruzo. Kutoboa nako kuna adabu yake: mwaka 1983 watafiti wa Göteborg walionesha kuwa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja huharibu mfupa, ndiyo maana daktari humwagia maji anapotoboa. Na kipandikizi kikitikisika mapema, huzungukwa na nyama ya kovu badala ya mfupa.

Basi tumrudie muulizaji. Titaniamu si dhahabu wala fedha, hivyo khilafu ya zamani haimgusi. Josho lake linasihi: kwa Mashafii kusukutua ni sunna, na kwa Mahanafi wanaolifaradhisha, kilichoshikana na mfupa na kutolewa kwake ni madhara huchukua hukumu ya mwili.

Linalohitaji uangalifu ni jingine, na wengi hawaliulizi. Taya ikiwa imepungua, daktari huongeza unga wa mfupa, na unga huo huweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au ukatengenezwa kiwandani kwa kalsiamu na fosfeti. Imam Nawawi katika Minhaji, kwenye masharti ya Sala, amelieleza suala la aliyeunga mfupa wake kwa najisi: asiyepata kilicho tohara ana udhuru, na aliyekipata akakiacha atalazimika kuutoa, isipokuwa akihofia madhara ya wazi. Akifa, kwa kauli sahihi hautolewi. Mahanafi wanaona mfupa wa mzoga ni tohara isipokuwa wa nguruwe. Mashafii wanauhesabu najisi, hata ukichomwa. Leo wa kiwandani upo, kwa hiyo udhuru umekuwa mwembamba. Amuulize daktari unga huo ni wa nini kabla hajalala kwenye kiti, kwani baada ya miezi michache mfupa ukishashika, mlango wa kuutoa ni wa madhara.

Wallahu a'lam.