Mchana Kuli, Jioni Jenerali: Vituko vya Beni Ambavyo Dar Imevisahau

Watu wa Dar wanapenda vyeo, hilo halina ubishi. Msanii akitoa nyimbo mbili tu zikakubalika, kesho yake ni rais, ni mfalme, ni jeshi la mtu mmoja. Temeke hakosekani fundi viatu anayeitwa Profesa, na Kinondoni muuza kahawa anaitwa Balozi, na hakuna anayeuliza chuo kiko wapi wala ubalozi wa nchi gani. Wengi wanadhani ni mambo yaliyoletwa na Bongo Fleva. Wapi! Babu zao walikuwa majenerali kabla redio haijafika mjini.

Chanzo ni ngoma moja iliyoitwa beni. Jina lenyewe ni lile neno la Kizungu la bendi, ila limevalishwa kanzu. Ilianzia Lamu na Mombasa kwenye miaka ya 1890, pale watu wa pwani walipotazama bendi za kijeshi za Wazungu, na matarumbeta yao, lile goma kubwa na gwaride, wakaona mbona hata sisi tunaweza. Mombasa yakawepo makundi mawili yenye bifu zito, Kingi na Sikochi. Hao Sikochi ndio walikuwa noma. Walijiita Waskoti kabisa, wakavaa zile sketi za wanaume wa Scotland na kupuliza zumari za mfuko. Vuta picha: mwanaume mzima wa Kiswahili, joto la Mombasa, kavaa sketi ya mirabamiraba, anapiga kwata barabarani na hacheki hata kidogo.

Ngoma ikateremka pwani hadi Tanga, ikaingia Dar. Huku makundi yaliitwa Marini na Arinoti. Marini, jina lenye harufu ya wanamaji, walijiona watu wa juu: makarani, waliokaa na kalamu, wenye mashati yaliyonyooka. Arinoti walikuwa watu wa chini, wabeba mizigo, vibarua na wageni waliotoka bara kutafuta maisha. Wakati huo Temeke na Kinondoni zilikuwa nje ya mji kabisa, huwezi kuzitaja kama kitaa. Mji ulikuwa ule wa katikati, na jioni za mapumziko ulikuwa wa beni.

Sasa uhondo uko kwenye vyeo. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makapteni na hata daktari. Wanawake nao walikuwa na upande wao na wakubwa wao. Hawakuwa wanaigiza dakika kumi halafu basi. Mtu akiwa jenerali anapewa saluti, anatoa amri, anaweza kumtoza faini mwanachama aliyekosea. Kesho asubuhi jenerali huyohuyo yuko bandarini na gunia mgongoni, anaitwa "boi" na Mzungu mwenye umri wa mtoto wake.

Wazungu wengi walicheka. Waliona ni Waafrika wanaiga kama kasuku. Hapo ndipo walipofeli, maana mtu anayeiga tu hahitaji kumzika mwenzake. Beni ilizika. Fikiria kijana ametoka Songea au Tabora, hana mjomba mjini, hana shangazi, anaumwa homa kwenye chumba cha kupanga. Nani atamletea uji? Nani atanunua sanda? Chama chake cha ngoma. Wanachama walichanga, wakauguza wagonjwa wao, wakawasindikiza wafu wao. Kwa hiyo kile cheo cha kuchekesha kilikuja na mzigo. Jenerali asiyejitokeza msibani ni jenerali gani?

Ni kweli, na ujinga ulikuwepo. Mashindano yalifika mahali kundi linachinja ng'ombe na kulisha umati ili tu wapinzani wajisikie vibaya, na watu wakabaki na madeni. Wazee wa dini walilalamika sana, na kusema ukweli walikuwa na hoja. Ila anayelipa mamilioni ya harusi kwa mkopo leo, na matarumbeta juu ya gari la wazi kutoka Mbagala hadi ukumbini Kinondoni, hana ubavu wa kuwasema.

Halafu ikaja vita ya 1914 mpaka 1918. Waafrika waligawanywa pande mbili, askari wa Mjerumani huku, askari wa Mwingereza kule, na nyuma yao jeshi kubwa la wapagazi lililokufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na hao wapagazi. Beni ilikuwepo pande zote mbili, kambini na safarini, na vita ilipokwisha kila aliyepona alirudi nayo kwao. Matawi yakaota mji hadi mji, yakawa yanaandikiana barua. Hapo ndipo serikali ya Mwingereza ilipoacha kucheka. Watu weusi, wana vyeo vya kijeshi, wana mtandao, wanaandikiana? Ikabidi wapelelezwe.

Mwaka 1927 ikawekwa Sanamu ya Askari pale Posta. Amesimama na bunduki yake hadi leo, watu wanapiga naye picha, na hana jina. Wale majenerali wa Arinoti ni hivyohivyo: wengi wao majina yamepotea, kimebaki cheo tu.

Kilichoiua beni mjini ni kile kinachoua kila fasheni. Kwenye miaka ya 1930 vijana wa Dar waliiona ni ya wazee, wakahamia kwenye dansi, suti na magitaa. Lakini ule ugonjwa wa kugawana mji mara mbili haukupona: Yanga ya 1935 na Simba iliyoanza 1936, Egyptian na Al-Watan kwenye taarabu, baadaye Msondo na Sikinde, TOT na Muungano kwenye mipasho ya miaka ya 1990. Hata TMK Wanaume wa Temeke, Juma Nature alipojitoa tu, kukawa na TMK mbili.

Beni yenyewe ilikimbilia bara. Kwenye migodi ya Zambia iligeuka kalela, na mtafiti aliyeitazama pale Luanshya mwaka 1951 alikuta kundi lina "daktari" aliyevaa koti jeupe lenye msalaba mwekundu, na "nesi" mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwapitia wachezaji na kioo na kitambaa, wajitazame na kujifuta jasho wasionekane wachafu. Malawi inaitwa malipenga. Huku kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, inaitwa mganda: wanaume wa kijijini, mashati meupe, kaptula, soksi zimevutwa hadi magotini, tarumbeta za vibuyu mdomoni. Ukienda Mbamba Bay bahati ikiwa yako utawakuta kwenye mstari, na mbele yao yuko kapteni.