Namba ya Toleo Ambayo Programu Haziambiwi

Ukiandika winver kwenye kompyuta yenye Windows 11, dirisha dogo hufunguka na kukutajia Windows 11. Ukiuliza kwa amri kongwe ya ver, namba inayotajwa huanza na 10.0. Mashine ni ile ile na haina hitilafu. Kisa cha tofauti hiyo ni kirefu, na kinaanzia mwaka 1983.

Mwaka huo MS-DOS 2.0 iliwapa waandishi wa programu njia rasmi ya kuuliza mfumo endeshi ni toleo la ngapi, ili programu ijue mapema kama itapata inachohitaji. Nia ilikuwa njema, ila wengi waliandika ukaguzi huo kwa haraka. Badala ya kukubali toleo fulani na yanayofuata, programu ilidai namba ile ile moja tu. Toleo jipya likitoka, programu nzima inagoma. Ndipo mwaka 1991 MS-DOS 5.0 ikaja na SETVER, orodha ya majina ya programu na toleo ambalo kila moja itatajiwa ikiuliza.

Kisa cha Windows 95 ndicho kinachonigusa zaidi. Kwa ndani ilikuwa toleo la 4.0. Programu za zamani zilizotaka Windows 3.10 au zaidi zilipima namba mbili kila moja peke yake: ya kwanza isipungue 3, ya pili isipungue 10. Kwa hesabu hiyo 4.0 ilikataliwa, kwa kuwa 0 ni ndogo kuliko 10! Wahandisi wangeweza kuziacha programu hizo zife. Waliamua Windows 95 izijibu kuwa yenyewe ni 3.95, na watu wakaendelea na kazi zao bila kujua lolote. Kwangu huo ni uhandisi wenye utu, unaomjali mtumiaji kuliko usafi wa namba.

Tahadhari hiyo haikuisha. Windows 7, ya mwaka 2009, ilibaki 6.1 kwa ndani. Windows 8.1 ni 6.3, lakini programu isiyojitambulisha kuwa inaifahamu hujibiwa 6.2. Linux ilipohama kutoka 2.6 kwenda 3.0 mwaka 2011, muda mfupi baadaye iliwekewa njia ya kujitaja kama 2.6.40 kwa programu zilizokwama. Na macOS Big Sur ya mwaka 2020, ambayo ni toleo la 11, huziambia programu za zamani kuwa ni 10.16.

Kwa hiyo fundi anayetaka uhakika kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows asiishie kwenye 10.0, asome tarakimu zinazofuata. Kuanzia 22000 ni Windows 11. Akikuta 19045, hiyo ni Windows 10 ya mwisho, 22H2, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.